Maneno Sitini ya Mjomba

9 Januari 1994

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta wewe na mkaza-mjomba mkiwa wazima wa afya, na kwamba ile mashine ya overloki imeacha tabia yake ya kukata uzi mbele ya wateja. Mimi huku sijambo, ila baridi imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili. Koti ulilonirekebishia limesifiwa na watu wawili, na mmoja wao ni mhadhiri.

Baada ya salamu, naomba kuingia katika shabaha ya barua hii. Tasnifu yangu, kama nilivyokueleza kabla ya safari, inachunguza namna maneno ya Kiingereza yanavyobadilika sauti yanapoingia katika lugha yetu. Lugha yetu haipendi neno liishe mdomo ukiwa umefungwa. Kwa hiyo neno geni likija na t mwishoni, tunaliongezea i: shati, koti, suti. Likija na p, ambayo hutamkwa kwa midomo, tunaliongezea u, irabu ya midomo vilevile: zipu, stempu. Zaidi ya hayo, wazungumzaji wa umri wako hutenganisha konsonanti zilizofuatana kwa kupenyeza irabu katikati. Sisi vijana tunasema sketi na swichi. Wewe husema siketi na suwichi. Tofauti hiyo ndogo, Mjomba, ndiyo roho ya utafiti wangu.

Msimamizi wangu ametamka bayana kwamba sura ya tatu haitasimama bila sauti ya mtu aliyevuka miaka hamsini na ambaye hakusomeshwa Kiingereza. Isiposimama, nitarejeshwa nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nimempa msafiri akuletee kinasa sauti, kaseti moja na michoro sitini. Sikuandika jina la kitu chochote, makusudi, ili nisikutilie neno mdomoni. Tazama mchoro, bonyeza kitufe chekundu, taja unachokiona. Basi.

Nakutegemea wewe tu.

Mpwa wako mtiifu

*

20 Februari 1994

Profesa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mkaza-mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula au unasoma tu. Overloki haijaacha tabia. Juzi imekata uzi mara nne kwenye suruali ya bwana harusi, naye amesimama hapo hapo na soksi zake, anasubiri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma na Mwalimu mstaafu, yule wa chumba cha nyuma ya duka, maana ulipofika kwenye konsonanti nilibaki njiani. Alipomaliza kunieleza nikamwambia, kumbe ni kazi yangu hii! Naletewa koti la mtumba, limekatwa kwa bega la mtu nisiyemjua. Silitupi. Nafumua kwapani, naongeza kipande, mwenye koti anainua mkono. Hizo i na u zako ni kipande cha kwapani. Mwandikie msimamizi wako hivyo, umwambie ni maneno ya fundi.

Michoro nimeiona. Ile zipu nilidhani ni reli. Mungu alikunyima mkono, akakupa mdomo. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa chini ya meza ya kukatia, unawaita wateja kwa sauti yangu, nao wanaitika? "Mama wa siketi, njoo ujaribu!" Mama wa watu anaingia, mimi nipo msalani.

Kaseti bado. Koo langu lina mkwaruzo tangu mwezi wa kumi na moja, mkaza-mjomba wako anasema ni vumbi la mitumba. Nipe wiki chache sauti inyooke. Halafu nijibu jambo moja: watakaonisikiliza ni akina nani?

Mjomba

*

14 Machi 1994

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako na kwa salamu za mkaza-mjomba. Mwambie ninakula, tena kwa ratiba. Hapa theluji imeanza kuyeyuka na vyumba vyetu vinavuja, nami nimetega ndoo kando ya vitabu.

Umeuliza watakaokusikiliza. Nakujibu kwa fahari kwamba ni jopo la wanazuoni watano wenye kutajika, wawili kati yao wakitoka vyuo vya nje. Sauti yako itachezwa katika ukumbi, mbele yao, kupitia spika mbili kubwa. Si kila fundi cherehani hupata heshima hiyo.

Kuhusu koo, maji ya moto yenye asali yatatosha. Hata ukiwa na mkwaruzo, tafadhali rekodi. Muda haunisubiri.

Mpwa wako mtiifu

*

28 Aprili 1994

Profesa,

Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwema. Mkaza-mjomba wako ameotesha nyanya kwenye makopo ya rangi, zimejaa uani hadi napita ubavu ubavu.

Kaseti hii hapa, nimempa dereva wa lori la vitabu aipeleke posta ya mji mkubwa pamoja na barua hii. Samahani nimechelewa, lakini sikukaa bure. Uliposema ukumbi, na spika mbili, na watu watano wa kutajika, nilimwendea Mwalimu mstaafu. Wiki nne amenifundisha, kila alasiri akiamka usingizini. Tulichukua kioo cha wateja, tukakiweka juu ya cherehani, nijitazame midomo. Mwalimu ni mkali! "Funga! Funga mdomo, fundi, usiachie i yako hapo!" Ananigonga goti kwa rula kama mtoto wa darasa la pili. Watu wanapita nje wanadhani tumerukwa na akili.

Lakini nimeweza. Maneno yote sitini, kila moja nimelifunga panapotakiwa kufungwa. Mwalimu amesema hata yeye hatamki hivyo. Wakubwa wako wakinisikia, hakuna atakayecheka.

Koo bado. Daktari wa hapa amenitazama, akaniandikia barua niende kwa daktari mwingine. Si kitu.

Mjomba

*

2 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyanya zimeanza kuiva na kwamba nyote ni wazima.

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa sayansi haina upendeleo. Kaseti imefika na nimeisikiliza hadi mwisho. Haifai. Maneno yote sitini umeyatamka kama msomaji wa habari wa redio ya ng'ambo. Hakuna irabu hata moja ya kuongezwa. Nilimchezea msimamizi, akauliza kwa nini nimemrekodi Mwingereza mwenye mafua. Watu walicheka, Mjomba, na waliyemcheka ni mimi.

Sikukuomba kujifunza. Nilikuomba useme kama unavyosema dukani. Sielewi ni nini kilichokutuma kuhangaika wiki nne kuharibu kitu ambacho ungekimaliza kwa nusu saa. Natuma kaseti nyingine. Msimamizi amenisogezea tarehe hadi Desemba, hatanisogezea tena.

Daktari mwingine amesema nini?

Mpwa wako

*

10 Julai 1994

Profesa,

Marahaba. Sisi wazima. Nyanya zimeiva, tumegawa kwa majirani.

Kaseti yako mpya imefika, ipo juu ya kabati.

Umeuliza kilichonituma. Unakumbuka chakula cha mchana siku ya mahafali yako? Tulikaa meza moja na mkuu wa kitivo na mkewe. Nilikuwa nimevaa ile suti ya kijivu. Nikamwambia mkuu, "Mzee, leo kijana wetu amepata satifiketi." Ukaweka uma chini, ukalisema neno lile linavyotakiwa, polepole, silabi kwa silabi kama unamfundisha mtoto, halafu ukamgeukia mkuu mkacheka. Mkewe hakucheka, alinipa chumvi.

Sikukasirika. Wewe ndiye msomi, na neno ni lao. Ila kwenye basi nilimwambia mkaza-mjomba wako, mtoto huyu sitamwaibisha tena mbele ya wakubwa zake. Ndiyo hivyo tu. Usilifanye kubwa.

Kesho nasafiri kidogo, nina shughuli mji mkubwa. Kaseti tutaona nikirudi.

Mjomba

*

9 Agosti 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mkaza-mjomba hajambo? Umerudi salama?

Kuhusu siku ile ya mahafali: nadhani palikuwa na msisimko mwingi, na pengine maneno yangu yalipokelewa kinyume na nilivyokusudia. Hata hivyo naelewa. Nia yangu haikuwa mbaya.

Uliposafiri ulikwenda kufanya nini? Hukunijibu habari ya daktari.

Mpwa wako

*

20 Septemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu wiki sita sasa. Kila siku saa nne napita kwenye sanduku la barua, hadi mlinzi ameanza kunitikisia kichwa kabla sijafika.

Aya ile niliyokuandikia kuhusu mahafali niliirudia mara tano ili isiwe na kosa, na bado haikuwa na ukweli. Ukweli ni kwamba nilikuonea haya. Ulikuwa umevaa suti uliyoishona mwenyewe, umenyoa vizuri, una furaha kuliko mtu yeyote mezani, nami nilikuonea haya. Nisamehe.

Kaseti uiache. Niandikie tu kwamba u mzima.

Mwanao

*

4 Oktoba 1994

Profesa wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika, nimezisoma nikiwa kitandani. Mkaza-mjomba wako hajambo, amekonda kidogo. Overloki tumeiuza kwa chuma chakavu. Ilistahili.

Nilikusamehe kwenye basi lile lile, kabla hatujafika nusu ya safari. Sasa nikwambie na mimi niliyoficha.

Sikuwa na shughuli mji mkubwa. Nilikwenda hospitali, wakanilaza, tarehe 14 Julai wakanipasua koo. Kilikuwa kidonda kibaya, kilishakula kote, ikabidi watoe kisanduku chote cha sauti. Sasa napumulia tundu shingoni. Mkaza-mjomba wako analifunika kwa kitambaa, navishona mwenyewe hivyo vitambaa, na pindo langu unalijua. Kidonda kimepona. Sauti haipo, wala haitarudi. Ndiyo maana naandika barua ndefu siku hizi. Kila kitu naandika. Nina ubao wa shule pale mezani, mteja anauliza, naandika chaki, anajibu kwa kupiga kelele kama vile nimekuwa kiziwi.

Daktari aliniambia tangu mwezi wa tano. Sikukwambia kwa sababu ungeacha masomo ukaja, ukakaa kando ya kitanda na hizo soksi zako mbili mbili, na kuja kwako kusingeongeza kitu.

Kuna jambo moja naomba, si langu, ni la mkaza-mjomba wako. Ile kaseti ya kwanza. Maneno sitini hayataki, anasema yule si mimi, yule ni Mwalimu. Anataka mwisho wake. Anasema nilipomaliza kusoma tulisahau kuzima kinasa, tukabishana habari ya suwichi, nami nikacheka. Hana kitu kingine chenye sauti yangu. Hatukuwahi kujirekodi, nani alijua. Mtolee nakala ya kipande hicho, umtumie.

Mjomba

*

27 Oktoba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Sijui niwasalimu vipi wewe na mkaza-mjomba baada ya barua yako, kwa hiyo nawasalimu tu.

Kaseti ile haipo. Nilinakili maneno sitini kwenye kaseti ya maabara. Kilichobaki, mazungumzo yenu, nilikiandika katika daftari langu kwa neno moja: "makelele". Ndivyo tunavyofundishwa kusafisha rekodi, tubakize kinachohitajika. Kisha juu ya kaseti yenyewe nikarekodi mhadhara wa saa nzima kuhusu silabi. Nimeichezesha yote tangu juzi, pande zote mbili, nikitafuta hata sekunde moja iliyosalia. Ni mhadhara mtupu.

Nilikuwa na sauti yako halisi mkononi, na suwichi yako yenye irabu zote nilizokuwa nikizitafuta, nikaifuta ili kuhifadhi maneno ya Mwalimu.

Nakumbuka yaliyosemwa, ingawa niliyasikia mara moja tu. Wewe: "Mama, zima hiyo suwichi, betiri zitakwisha!" Mkaza-mjomba, kwa mbali: "Zima mwenyewe, fundi, mikono yangu ina sabuni!" Kisha wewe ukacheka, kicheko chako kile cha puani, ukasema, "Sabuni kila siku, utafikiri tunafua jeshi." Basi.

Sijui utamwambia nini. Mwambie ni mimi.

Mwanao

*

22 Novemba 1994

Profesa,

Marahaba. Tupo.

Sikumwambia, nilimpa barua yako asome. Alisoma, akaikunja, akatoka uani kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Sitakuficha, na mimi nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamkatia mtu shati nikalikata fupi, nikaona hasira haina faida, hasa kwa kitambaa cha watu.

Sasa sikiliza. Ile kaseti yako ya pili ingali juu ya kabati, tupu. Nakurudishia. Wewe ulijifunza kusema kwangu. Mama yako alipokuacha kwetu ulikuwa na maneno matatu, mengine yote niliyatia mimi, na hizo i na u zangu ndani yake, kabla shule haijakurekebisha. Mdomo wako unanijua kuliko mashine yoyote. Kaa chini uniseme. Usiniige kama siku za kuchekesha. Niseme.

Si kwa ajili ya wakubwa wako. Kwa ajili ya huyu mama na sufuria zake.

Mjomba

*

15 Desemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nakuombeeni nyote wawili afya. Huku theluji imerudi. Ndoo nimeitega tena.

Sura ya tatu nimeiondoa. Msimamizi, aliposikia, alipendekeza nijirekodi mwenyewe na kuandika kwamba ni mzungumzaji mzee. Nimekataa. Huenda nikarudishwa nyumbani kabla ya Aprili, na sasa hilo silioni kuwa msiba. Huenda mkahitaji mtu wa kupiga kelele na wateja.

Kaseti imo ndani ya bahasha. Haikuwa rahisi. Mara saba za mwanzo nilisikika kama mtu anayemdhihaki mjomba wake mbele ya mkuu wa kitivo. Niliijua sauti hiyo, nikaifuta kila mara. Mara ya nane nilizima taa ya mezani, nikashuka sakafuni, nikaingia chini ya meza na kinasa sauti magotini. Sikutazama michoro. Nilikumbuka tu harufu ya chaki na miguu yako kwenye kanyagio la cherehani, kisha nikafungua mdomo.

Kama haifanani, itupeni.

Mwanao

*

19 Januari 1995

Profesa,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika jana saa tano asubuhi, na kaseti ndani. Nilikuwa peke yangu dukani. Mkaza-mjomba wako alikuwa uani, anafua.

Sikumwita. Nilitaka niisikilize kwanza, kama ni mbaya niifiche. Nikaiweka kwenye kinasa, nikabonyeza. Siketi. Bulauzi. Zipu, suweta, satifiketi. Niliweka mkono shingoni bila kujua, kwenye kitambaa, maana nilihisi kama kuna kitu kinatembea pale. Mteja mmoja wa suruali alikuwa anaingia, akasimama, akanitazama, akarudi nje taratibu.

Halafu ikafika pale mwisho. "Mama, zima hiyo suwichi, betiri zitakwisha!"

Na kutoka uani, mwanangu, huku maji yanamwagika, nikamsikia mkaza-mjomba wako anajibu, haraka haraka, kama alivyonijibu miaka thelathini: "Zima mwenyewe, fundi, mikono yangu ina sabuni!"

Maji hayakusikika tena. Kaseti ikaendelea, ukacheka.

Akaja akasimama mlangoni, povu limemjaa hadi viwikoni, linadondoka kwenye vitambaa vya watu. Alinitazama mdomo. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Akaitazama mashine, akanitazama tena. Nilichukua chaki nimwandikie kitu ubaoni, nikairudisha mezani.

Akaja, akakaa chini, pale pale chini ya meza ya kukatia, ulipokuwa ukikaa wewe. Akafuta mkono mmoja kwenye kanga, akanyoosha kidole, akarudisha kaseti mwanzo.

Mjomba